Kwa Nini Zilipendwa Hazichuji? Nyimbo za Ujana, Ubongo na Afya Yako Ugenini

Leo tuache kidogo presha na kisukari, tuongelee jambo ambalo wengi wetu tunalo lakini hatulipeleki kwa daktari: kukumbuka nyumbani, na zile nyimbo za zamani zinazotutoa machozi.

Naanza na langu mwenyewe. Mwaka mmoja, mwezi wa kwanza, nilitoka zamu ya usiku hapa Saint Paul. Nikawasha gari lipate joto, ukapiga wimbo "Shida" wa marehemu Mbaraka Mwinshehe. Baba yangu alikuwa amefariki miezi minne kabla, na sikuweza kwenda kumzika kwa sababu ya makaratasi. Nililia mpaka vioo vikaingia ukungu. Kisha unesi ukanijia, nikajiuliza: huu ni ugonjwa, au ni dawa?

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba wimbo ule haukuwa wa ujana wangu. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari kule Kenya mwaka 1979, mimi nikiwa bado sijazaliwa. Mimi ni mtu wa Bongo Flava, wa akina Professor Jay, Juma Nature na Lady Jaydee. Baba alikuwa akisikia kaseti zangu anasema, "Zima hizo kelele." Leo mwanangu akipiga singeli au amapiano, najisikia nikisema neno lile lile, kwa sauti ile ile ya baba.

Ugonjwa wenye jina

Mwaka 1688 kijana wa Uswisi aliyekuwa akisomea udaktari Basel, Johannes Hofer, aliandika juu ya watu wa kwao waliokuwa ugenini. Walikonda, hawakulala, walilia. Akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kurudi nyumbani na maumivu, likapatikana neno nostaljia. Kwa miaka mingi madaktari waliihesabu kuwa maradhi kamili, hasa ya askari walio mbali na kwao.

Leo hatuihesabu tena kuwa ugonjwa. Ni hisia ya kawaida ya binadamu, yenye utamu na uchungu kwa pamoja. Sisi Waswahili tumeiweka kwenye neno moja tu: zilipendwa. Angalia neno lenyewe. Halisemi nyimbo zilikuwa nzuri, linasema zilipendwa. Sayansi inakubaliana nalo.

Kwa nini nyimbo za ujana zinaonekana bora?

1. Umri wa kukumbuka. Ukimwuliza mtu mzima mambo anayoyakumbuka maishani, mengi huangukia kati ya miaka 10 na 30 hivi. Ndiyo miaka ya mara ya kwanza: shule ya bweni, mchumba wa kwanza, mshahara wa kwanza, safari ya kwanza ya ndege. Jambo la kwanza hujichora kwenye ubongo kuliko la mara ya mia.

2. Ubongo wa kijana. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walionyesha kuwa wimbo unaoupenda hutoa kemikali ya raha iitwayo dopamini kwenye ubongo, na hutoka hata kabla hujafika pale patamu unapopasubiri. Ujanani mfumo huu wa raha ni mkali sana, na wakati huo huo kijana anajitafuta yeye ni nani. Wimbo unashikamana na jibu la swali hilo.

3. Marudio. Tulikuwa na kaseti chache. Tulizirudisha nyuma kwa kalamu ili tusimalize betri. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania Bara ilikuwa na redio moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa hiyo mtaa mzima ulisikia wimbo mmoja saa moja. Kitu ulichokisikia mara nyingi, ubongo hukipenda.

4. Chujio. Nyimbo mbovu za wakati ule tumezisahau. Zilizobaki ni zile nzuri, nasi tunazilinganisha na kila kitu kinachotoka leo, kizuri na kibaya. Hiyo si haki!

Na hili si letu peke yetu. Prince wa hapa hapa Minneapolis alipofariki tarehe 21 Aprili 2016, watu walijazana nje ya klabu ya First Avenue, wakaimba na kucheza mpaka usiku wa manane. Kazini kwangu wenzangu wa rika la miaka hamsini walikuwa wakijifuta machozi. Hawakumlilia Prince tu, walilia pia ile miaka ya 1980 yao.

Kwa nini mimi nilie kwa wimbo wa baba?

Jibu nililipata baadaye. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapigia vijana nyimbo za miongo mbalimbali. Vijana wale walikuwa na kumbukumbu na hisia si kwa nyimbo zao tu, bali pia kwa nyimbo za ujana wa wazazi wao. Walizisikia nyumbani wakiwa wadogo. Kumbe wakati mimi najifanya sisikii, redio ya baba ilikuwa inaniingia.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu wa Brooklyn Park au Burnsville, mtoto anayevaa vitu masikioni wakati unapiga Mlimani Park au Les Wanyika, usikate tamaa. Anasikia.

Faida yake kiafya

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na wataalamu wa China na Ulaya ulionyesha kuwa siku za baridi watu hukumbuka ya kale zaidi, na kwamba kukumbuka huko huwafanya wajisikie wana joto zaidi. Tafiti nyingine zimeonyesha kuwa upweke huamsha kumbukumbu hizi, nazo humrudishia mtu hisia ya kuwa na watu wake. Kwetu sisi tunaoona jua likizama saa kumi na nusu jioni mwezi wa 12, hili si jambo dogo.

Kwa wazee ni zaidi. Wengi wetu tunafanya kazi kwenye nyumba za wazee, mmeona wenyewe. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau hamjui mwanawe, lakini ukimpigia wimbo wa ujana wake anaimba beti zote. Kumbukumbu ya muziki mara nyingi hudumu muda mrefu hata katika ugonjwa wa Alzheimer. Muziki hauponyi ugonjwa huo, lakini hutuliza mahangaiko. Basi tunachowafanyia wazee wa watu, tuwafanyie na mama zetu tuliowaleta kulea wajukuu, ambao wanashinda ndani peke yao mbele ya televisheni ya Kiingereza.

Inapogeuka kuwa hatari

Kumbukumbu nzuri hukuacha na tabasamu hata kama umelia. Jihadhari ukiona haya, kwako au kwa ndugu yako:

- Huzuni au kukosa raha karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi.
- Usingizi kupotea, au kulala kupita kiasi. Hamu ya kula kubadilika.
- Kusikiliza nyimbo peke yako usiku, kila usiku, na chupa mkononi.
- Kukataa watu, kukosa kazi, kuona hapa hakuna maisha na kule huwezi kurudi.
- Mawazo ya kufa au kujidhuru.

Hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona inatibika. Wengine huipata kila majira ya baridi na kupona jua likirudi. Si udhaifu wala si kurogwa. Mwone daktari. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali kuu zinapaswa kukupatia mkalimani bila malipo, kwa hiyo usimtumie mtoto wako kutafsiri mambo haya. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru piga 988, saa 24, na unaweza kuomba mkalimani.

Ushauri wangu

1. Sikiliza na mwenzio. Wimbo ule ule peke yako kwenye gari ni upweke, ukiwa na watu sebuleni ni sherehe.
2. Tengeneza orodha ya nyimbo za mzee wako akiwa bado anazikumbuka. Mwulize, "Ulikuwa na miaka 20, mlicheza nini?" Andika majibu. Mimi sikumwuliza baba, na sasa hakuna wa kumwuliza.
3. Mwombe mtoto wako akuchezee wimbo wake mmoja, usikilize mpaka mwisho bila kusema kelele. Kisha mchezee wa kwako.
4. Toka nje mchana hata kama kuna theluji. Taa maalumu za mwanga za lux 10,000, dakika 30 hivi asubuhi, huwasaidia wengi, lakini mwulize daktari kwanza, hasa kama una matatizo ya macho au ugonjwa wa baipola.
5. Mpigie simu mtu uliyecheza naye wimbo huo. Kubeba boksi kusitufanye tusahau watu.

Makala hii ni ya kuelimisha tu, haichukui nafasi ya daktari wako. Kwa wikiendi hii nawaachia kazi moja: pigeni zilipendwa, na mlango muuache wazi ili majirani nao wasikie.

Mbaki salama, na vaeni makoti.

Ni mimi nesi wenu.