Msanifu Majengo na Lugha ya Mtihani Wake

Sheria ya kusajili wasanifu majengo nchini Kenya, Sura ya 525, ilianza kutumika mwaka wa 1934. Kwa mujibu wake, shahada pekee haimpi mtu ruhusa ya kujiita msanifu majengo. Sharti kwanza apate uzoefu kazini, kisha afaulu mitihani ya Bodi ya usajili. Mitihani hiyo hufanywa kwa Kiingereza.

Sina ugomvi na Kiingereza. Mikataba yenyewe ya ujenzi imeandikwa kwa lugha hiyo. Linalonikera ni jinsi watahiniwa wengi wanavyojiandaa: hukusanya karatasi za miaka iliyopita, wakakesha wakikariri vifungu. Chukua mathalani suala la jengo kukamilika. Mkataba hutofautisha jengo lililokamilika kiasi cha kuweza kutumiwa na lile ambalo kasoro zake zote zimekwisha kurekebishwa. Baina ya hatua hizo mbili, sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiliwa, na kwa kawaida nusu yake hutolewa katika hatua ya kwanza. Mtahiniwa huyaandika hayo bila kusita. Mwambie basi amweleze mwenye nyumba, kwa Kiswahili, kwa nini fedha hizo zitolewe ilhali mlango mmoja haujafunga sawasawa. Aghalabu utamwona akibabaika. Wengi watadai kwamba amekosa istilahi. La hasha! Alichokosa ni maana, na Kiingereza kilikuwa kimemsitiri.

Huko mahali pa ujenzi ndiko kwenye hatari zaidi. Mchanganyiko wa zege uliozoeleka ni simiti moja, mchanga mbili na kokoto nne. Katika karatasi ni tarakimu tatu tu. Lakini fundi hupima kwa karai au toroli. Je, karai liwe limefurika au limesawazishwa? Maji yakizidishwa ili zege imwagike kwa urahisi, nguvu zake hupungua. Ikiachwa ikauke juani bila kunyunyiziwa maji kwa siku saba hivi, haitafikia uimara unaotarajiwa itakapopimwa siku ya 28. Maagizo haya yote hutolewa kwa Kiswahili, na anayeyatoa hakuwahi kuulizwa hata neno moja la Kiswahili katika mtihani. Jengo la Huruma, Nairobi, lililoporomoka Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya 40 lilijengwa kando ya mto; halikuangushwa na sarufi, bila shaka. Hata hivyo, agizo lisiloeleweka nalo huingia ukutani.

Wala lugha yetu si fukara. Tunayo timazi, pimamaji, kizingiti na kenchi. Tunayo boriti, neno ambalo katika nyumba kongwe za Lamu ni mti wa mkoko uliobeba dari, na urefu wake ndio ulioamua upana wa chumba. Leo boriti hiyo hiyo ni ya zege na vyuma. Msanifu asiyeijua historia ya neno hili amepoteza somo zima la usanifu.

Walimu wa vyuo wanaweza kuanza muhula ujao. Wanafunzi wanaosoma kwa makundi wachague swali moja la mkataba kila juma, walijibu kwa Kiswahili, na fundi mmoja aalikwe kusikiliza na kuuliza. Nayo Bodi, maadamu Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, iongeze swali moja la mdomo: mweleze fundi jinsi ya kuchanganya zege.