Mtoto Mweupe wa Wazazi Weusi

Mwaka 2010 watu wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfan Barwany kuwa mbunge wao. Alikuwa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuingia katika Bunge la Tanzania kwa kuchaguliwa jimboni. Tangu zamani watu wa namna hii huitwa zeruzeru, lakini wengi wao hawalipendi jina hilo, nao wana haki.

Rangi ya ngozi, nywele na macho hutoka katika kitu kiitwacho melanini, ambacho hufanyizwa mwilini. Melanini si pambo tu, maana huikinga ngozi na ukali wa jua. Mwenye ualbino hana melanini, au anayo kidogo sana. Katika Tanzania hukadiriwa kuwa ni mtu 1 katika kila 1,400 hivi.

Basi, imekuwaje baba mweusi na mama mweusi wapate mtoto mweupe? Mara nyingi mama ndiye aliyelaumiwa. Wengine walisema amezaa na Mzungu, wengine wakasema ni shetani, na ndoa zikavunjika kwa maneno hayo. Jibu ni hili. Kwa kazi ya kufanyiza melanini kila mtu hurithi jeni mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Ikiwa moja ni nzima na ya pili ina kasoro, ile nzima yatosha, na mtu huwa mweusi kama wenzake, asijue kwamba amebeba ile ya pili.

Yafaa kujaribu kwa kunde. Chukua vifuko viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama, utie katika kila kimoja kunde moja nyeusi na moja nyeupe. Toa moja katika kila kifuko bila kutazama. Utapata mbili nyeusi, au nyeusi na nyeupe, au nyeupe na nyeusi, au mbili nyeupe. Hizo nyeupe mbili tu ndizo mtoto mwenye ualbino: njia moja katika nne. Kisha rudisha kunde ujaribu tena, kwa maana vifuko havikumbuki. Kila mimba huanza upya. Na tazama, kunde moja imetoka kwa baba na moja kwa mama, sawasawa.

Farasi mweupe wa Arabuni si wa namna hii. Yeye huzaliwa mweusi au mwekundu, kisha manyoya yake hugeuka mwaka kwa mwaka kama mvi za mzee, na ngozi iliyo chini hubaki nyeusi. Kwake jeni moja yatosha, kwa hiyo hana budi kuwa na mzazi aliye kama yeye.

Katika mikoa ya Ziwa, hasa miaka ya 2006 hadi 2009, watu wenye ualbino waliuawa kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Lakini adui wa kila siku ni jua. Ngozi isiyo na melanini huungua, hutoka vidonda, na huweza kuingiwa na saratani. Kwa hiyo mwenye ualbino huhitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, ambayo hutengenezwa pia Moshi, katika hospitali ya KCMC. Macho yake nayo hayaoni mbali. Mwanafunzi wa namna hiyo huketi mbele, karibu na ubao, mahali ambapo mwanga wa dirisha haumpigi usoni.