Mgeni wa Hori ya Mida

Wapo wageni wanaotujia kila mwaka bila pasipoti wala viza, nasi hatuna habari nao. Mmoja wao ni ndege ambaye wanasayansi humwita Dromas ardeola. Mimi nitamwita mla-kaa, kwa kuwa kaa ndiye chakula chake kikuu.

Januari nilifunga safari hadi hori ya Mida, karibu na Watamu, ili nimwone. Maji yalikuwa yakipwa. Walisimama matopeni kwa makundi: weupe, migongo myeusi, midomo minene iliyoumbwa kuvunjia magamba. Mla-kaa huzalia katika fuo za Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu. Huchimba shimo mchangani, akataga yai moja jeupe, na joto la mchanga likamsaidia kuliatamia. Katika ukoo wake hana mwenzake duniani. Msimu wa kuzaa ukiisha, huja kwetu pamoja na kinda wake, na hata huku ugenini mzazi huendelea kumlisha.

Basi mwanafunzi wetu akiulizwa jina la kiumbe huyu, atajibu nini? Atasema, "Ni ndege." Akifungua kamusi zetu, mara nyingi atakuta jina la ndege limefasiriwa hivi: "aina ya ndege." Fasiri hiyo haimwambii rangi, makazi wala tabia. Ni sawa na kumwelekeza mgeni nyumbani kwako kwa kumwambia kuwa ni nyumba.

Huenda mtu akasema kwamba ndege hawamjazi mtu tumbo. Lakini matope na mikoko inayomlisha mla-kaa ndiyo inayolea samaki wa mvuvi. Hori hiyo imo katika hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968. Hata hivyo, sheria pekee haitoshi. Ni vigumu kukitetea kitu usichoweza kukitaja.

Nawasihi walimu wenzangu, hasa wa pwani, wawatume wanafunzi kwa wavuvi na kwa kina mama wanaookota chaza. Wawaulize majina ya ndege, wayaandike pamoja na maelezo ya kila mmoja: anakula nini, huja lini, huondoka lini. Wazee wanaoweza kuutofautisha mwezi wa bamvua na wa maji mafu kwa kutazama ufuo hawatakaa nasi milele. Wakienda kabla hatujawauliza, hakuna kamati ya istilahi itakayoturudishia walichokijua.