Uvimbe wa Mtoto: Mama Usijilaumu

Mama ndiye amwogeshaye mtoto, na mara nyingi ndiye wa kwanza kugusa uvimbe pajani, mkononi au shingoni. Uvimbe mwingi hauna hatari. Lakini upo uvimbe mchache ambao ni saratani ya misuli, mafuta au sehemu nyingine laini za mwili. Saratani hiyo huitwa sarkoma.

Shida ni kwamba saratani kadhaa za watoto hufanana sana. Hata kwa hadubini, mtaalamu anaweza kuona tu seli ndogo za mviringo, asijue ni za ugonjwa gani. Na tiba ya ugonjwa mmoja si tiba ya mwingine. Ndiyo maana siku hizi huchunguzwa pia jeni, yaani maagizo yanayoiongoza kila seli.

Jeni zimo ndani ya kromosomu, ambazo ni 46 katika seli. Wakati mwingine kromosomu mbili hukatika na kubadilishana vipande. Ni kama fundi cherehani aliyekata nguo mbili, kisha akashona mkono wa hii kwenye kiuno cha ile. Jeni mbili huungana kuwa moja, nayo huiamuru seli izaane bila kukoma.

Muungano huo humsaidia daktari kuutambua ugonjwa. Katika saratani ya Ewing, mara nyingi zimeungana jeni za kromosomu ya 11 na ya 22, jambo lililobainishwa mwaka 1992. Katika fibrosarkoma ya watoto wachanga, mara nyingi ni ya 12 na ya 15. Mwaka 1998 muungano huu ulijulikana, na mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya kuuzuia, larotrektinibu. Basi jina sahihi la ugonjwa huweza kufungua mlango wa dawa sahihi.

Akina mama, lishikeni na hili: muungano huo huanzia katika seli ya mwili wa mtoto mwenyewe. Haurithiwi kwa baba wala kwa mama, hauambukizi, wala si laana ya ukoo. Wako wanaomnyoshea mama kidole. Wasome Yohana sura ya 9, walipomuuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi, kipofu yule au wazazi wake. Hakumlaumu yeyote kati yao.

Uvimbe ukikua haraka, ukiwa ndani ya nyama, au ukizidi sentimita 5, mpeleke mtoto hospitali. Usikubali uchanjwe, uchomwe au upasuliwe kama jipu kabla haujapimwa. Muulize daktari kama kinyama kilichokatwa kimepelekwa maabara. Kinyama hicho huhifadhiwa katika nta. Ikiwa hapo hakuna kipimo cha jeni, uliza kama kinaweza kupelekwa kwenye hospitali kubwa. Tunza majibu yote.

Tuombe bila kuchoka, dada zangu, lakini tusichelewe njiani.