Je, Wajua? Vifungo Vilivyopima Watoto

Je, wajua kuwa mpiga picha Lewis Hine wa Marekani alipima kimo cha watoto kwa vifungo vya vazi lake?

Mwaka 1908 Hine aliacha ualimu jijini New York akaitumikia kamati ya kiraia iliyopinga ajira ya watoto. Wenye viwanda hawakutaka kumwona. Basi aliingia kwa ujanja, mara akijifanya muuza Biblia, mara muuza postikadi. Mtoto akisimama karibu, Hine alitazama kichwa chake kimefika kifungo cha ngapi, maana urefu wa kila kifungo kutoka sakafuni alikuwa ameshaujua. Maelezo aliyaandika kisirisiri, mkono ukiwa mfukoni.

Katika kiwanda cha pamba huko Whitnel, North Carolina, alimpiga picha binti mwenye kimo cha sentimita 130 hivi. Ujira wake ulikuwa senti 48 kwa siku, na mara nyingine alifanya kazi usiku. Alipoulizwa umri, alisita, akasema hakumbuki.

Ushahidi wa namna hiyo haukanushiki kirahisi. Picha zilienea magazetini, kwenye mabango na katika mihadhara, na mwaka 1938 sheria ya nchi nzima ikabana ajira ya watoto.

Zaidi ya picha 5,000 za kampeni hiyo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge, Washington.