Usiache mbachao: kamera mpya na lenzi za zamani

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, na usemi huo unasadifu hasa katika biashara ya kamera. Tangu mwaka wa 2018, Canon na Nikon zilipotoa kamera kubwa zisizokuwa na kioo cha ndani, wapiga picha wengi wameaminishwa kwamba vifaa vyao vya zamani vimekuwa takataka. Mimi nasema la. Mwenye lenzi nzuri hana sababu ya kuzitupa; ana sababu ya kuzichunguza kwa makini kabla hajatoa hata shilingi moja.

Nayasema haya kwa kuwa hivi majuzi vijana wa chama cha wanyamapori katika shule moja ya upili waliniletea swali lililonigusa. Kamera yao ilikuwa imekufa, nao walikuwa wamechangishana pesa kwa taabu wapate nyingine. Kabatini walikuwa na lenzi mbili za Nikon walizoachiwa na mwalimu aliyestaafu: moja ya milimita 300 yenye alama ya AF-S, na nyingine ya milimita 80 hadi 200 yenye alama ya AF peke yake. Baadhi yao walitaka kuziuza zote mbili. Vyama vya namna hii vina historia ndefu nchini, kwani Wildlife Clubs of Kenya iliasisiwa mwaka wa 1968, na itakuwa hasara kubwa iwapo pesa za wanafunzi zitapotea kwa sababu ya ushauri mbovu.

Hebu kwanza tuelewe tofauti yenyewe. Katika kamera ya zamani, kioo hukaa nyuma ya lenzi na kuirusha nuru juu, hadi kwenye kitundu cha kuchungulia. Ukibonyeza, kioo hicho huruka, nuru ikafika kwenye sensa. Kioo kinahitaji nafasi. Ndiyo maana mdomo wa Nikon wa tangu mwaka wa 1959 uko milimita 46.5 mbele ya sensa au filamu. Kioo kilipoondolewa, mdomo mpya uitwao Z uliwekwa milimita 16 tu kutoka kwenye sensa.

Mwalimu wa fizikia ataona mara moja faida iliyopo hapo. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni milimita 30.5. Lenzi ya zamani inahitaji tu kusogezwa mbele kwa kiasi hicho, na kazi hiyo hufanywa na adapta iitwayo FTZ, ambayo ni kama bomba fupi lisilo na kioo chochote ndani. Nuru haipiti mahali papya, na kwa hivyo ubora wa picha haupungui. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi mpya ya Z haiwezi kutumika ipasavyo katika kamera ya zamani.

Hata hivyo, kuingia mdomoni ni jambo moja na kufanya kazi ni jambo jingine. Lenzi yenye alama ya AF-S ina mota yake ndani, na kupitia adapta hiyo itaendelea kujitafutia fokasi, yaani ule ukali wa picha. Lenzi ya AF ya zamani haina mota. Ilizungushwa na msumari mdogo kutoka katika kamera, na FTZ haina msumari huo. Itapiga picha, lakini sharti uizungushe kwa mkono. Wenye lenzi za Canon za EF, zilizoanza mwaka wa 1987, wana nafuu zaidi, kwa kuwa mota zao za fokasi zimo ndani ya lenzi zenyewe.

Sasa tuje porini. Mwenye kuketi katika kibanda cha kuangalilia ndege anajua jinsi mlio wa kioo unavyoweza kumshtua mdiria. Kamera isiyo na kioo inaweza kupiga kimya kabisa, na baadhi yake huligundua jicho la mnyama na kulifuata. Hizo ni faida za kweli. Lakini sensa za kawaida, zinapopiga kimya, huisoma picha mstari kwa mstari, na bawa la ndege arukaye huweza kutokea limepinda. Kamera kama Nikon Z9 ya mwaka wa 2021 imelipunguza tatizo hilo mno, ila bei yake haifikiwi na shule ya kawaida.

Kuna pia suala la betri, ambalo wauzaji hawapendi kulitaja. Kitundu cha kamera mpya ni kijiskrini kinachokula umeme kila unapochungulia. Nikon D7500 ya mwaka wa 2017, yenye kioo, imekadiriwa kupiga picha 950 kwa chaji moja. Z50 ya mwaka wa 2019, isiyo na kioo, takriban 300. Kwa kundi litakaloshinda Nakuru kutwa nzima, betri mbili za akiba ni sehemu ya bei ya kamera.

Je, niliwashauri nini vijana wale? Niliwaomba kwanza wazipange picha zao za miaka miwili na kuhesabu kila lenzi ilipiga ngapi. Ilibainika kuwa picha nyingi walizojivunia, za heroe, mwari na tai, zilitokana na ile ya milimita 300. Basi nikawaambia wasiiuze. Wanunue kamera ya Z yenye sensa ndogo pamoja na adapta. Sensa hiyo hukata kingo za picha, hata lenzi ya 300 ikaona kana kwamba ni ya 450, na hilo ni jambo jema kwa ndege wa mbali. Lenzi ya pili waitumie kwa mkono kwa twiga na nyati, wanyama wasio na haraka. Kamera hizo zinaweza kuzitia rangi kingo za sehemu iliyo kali ili kumsaidia mpigaji.

Lakini laiti hesabu ingaliipendelea ile lenzi isiyo na mota, ningaliwaambia bila haya wanunue D7500 iliyotumika, kwa maana ina ule msumari ndani yake. Najua wapo watakaoniita mtu wa kale. Ni kweli kwamba kampuni hizo sasa zimeelekeza nguvu zao kwenye kamera zisizo na kioo, na anayeanza bila lenzi yoyote aelekee huko. Ila chama chenye lenzi mbili nzuri na pesa kidogo hakiko katika hali hiyo.

Wenzangu walimu mnaolea vyama hivi, msimruhusu muuzaji aanze na kamera. Nendeni dukani na lenzi zenu mkononi, mzifunge, mwelekezeni kunguru aliye juu ya waya nje ya mlango, na mtazame kama fokasi inamshika. Iwapo muuzaji atawakatalia jaribio hilo, ondokeni na pesa zenu.