Akijibu mtihani anafaulu, akimweleza mama anakwama

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha nne aliyeiva katika biolojia: baba na mama ambao hawaugui selimundu, lakini kila mmoja amebeba kinasaba kimoja cha ugonjwa huo, watapata watoto wa namna gani? Atachora mraba wa vyumba vinne, atajaza herufi zake, na mara moja atakupa jibu: mmoja kati ya wanne atazaliwa na ugonjwa. Msahihishaji atampa alama zote.

Sasa mpeleke kwa mama ambaye mtoto wake wa kwanza anaugua. "Kwa hiyo, daktari," mama atauliza, maana mtaani kila asomaye biolojia ni daktari, "huyu ndiye yule mmoja. Watatu watakaofuata watakuwa wazima?" Hapo wengi hurudia jibu lile lile, safari hii kwa sauti ya juu na kwa asilimia: ishirini na tano. Mama anaitikia kwa heshima tu, kisha anaondoka na hesabu yake ya mwanzo. Huenda akapanga uzazi kwa hesabu hiyo.

Mama hana kosa, na mwanafunzi hajasema uongo. Tatizo ni kwamba kwa miaka yote ya shule amezoezwa kumweleza mtu mmoja tu, msahihishaji, ambaye jibu analijua kabla ya kulisoma. Msikilizaji asiyejua, tena mwenye jambo zito la kuamua, hakuwahi kuwekwa mbele yake. Tanzania Bara ina mzigo wa ziada: shule za msingi za umma hufundisha kwa Kiswahili, sekondari na vyuo vikuu hufundisha biolojia kwa Kiingereza, kisha mhitimu anarudi zahanati, shambani au ofisi ya kijiji, ambako watu wanamwuliza kwa Kiswahili.

Dawa ipo, na haihitaji maabara. Chukua mifuko miwili, mmoja wa baba na mwingine wa mama. Katika kila mfuko tia shanga mbili, nyekundu na nyeupe. Mwambie mama achomoe moja huku na moja kule bila kuchungulia: huyo ndiye mtoto. Zikitoka nyekundu mbili, mtoto ana selimundu. Kisha, na hapa ndipo penye somo, azirudishe shanga mifukoni kabla ya kuchomoa tena. Akirudia mara kadhaa ataona mwenyewe kwamba nyekundu mbili zinaweza kufuatana, au zisitoke kabisa. Ukichukua familia 100 za namna hiyo, kila moja ikiwa na watoto wanne, takriban 32 hazitakuwa na mgonjwa hata mmoja. Mfuko haukumbuki kilichotoka jana.

Kazi haijaisha hapo. Mwanafunzi afundishwe kusema: "Mama, hebu nieleze wewe sasa, ukifika nyumbani utamwambiaje baba?" Mama akieleza kwa maneno yake, kosa lililobaki litajitokeza lenyewe. Kuuliza "umeelewa?" hakusaidii, karibu kila mtu hujibu ndiyo.

Lakini kurahisisha nako kuna hatari yake. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo ya utafiti wake wa Afrika Mashariki: watu wenye kinasaba kimoja cha selimundu wana kinga ya kiasi fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana kinasaba hicho kimedumu katika maeneo yenye malaria nyingi, na maelezo hayo yanaweza kumwondolea mzazi wazo la laana au kurogwa. Mwanafunzi mwenye haraka atayafupisha: "selimundu inakinga malaria." Sentensi ni fupi, inakaa kichwani, na inaweza kuua. Mtoto mwenye vinasaba viwili, yaani mgonjwa mwenyewe, malaria ikimpata humwia kali sana. Anahitaji chandarua na dawa za kinga kuliko wenzake. Kwa hiyo ufasaha ni pamoja na kujua neno gani halifutiki. Hapa ni "kimoja".

Mazoezi ya namna hii si mageni duniani. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kilianzisha mashindano ambayo mwanafunzi wa uzamivu anaeleza utafiti wake kwa dakika tatu mbele ya watu wasio wa fani yake, na vyuo vya nchi nyingi vimeyaiga. Hata hivyo, jukwaa la mashindano lina kasoro moja: humpendelea msemaji hodari, na hadhira hupiga makofi bila kulazimika kuamua lolote.

Kwetu pa kuanzia ni utafiti wa mwaka wa mwisho. Mwanafunzi aliyechota maji ya kisima cha kijiji fulani, au aliyehesabu mazalia ya mbu katika mtaa fulani, arudi huko na ukurasa mmoja wa Kiswahili, asimame mbele ya wenyeji, aulizwe maswali, na wasimamizi wampe alama kwa majibu yake. Alama hizo ziingie katika matokeo yake kama zinavyoingia zile za maabara. Wahadhiri watalalamika kwamba muda hautoshi, na ni kweli muda ni mfinyu. Lakini mwanafunzi husoma kile kinachopimwa, na mpaka sasa hatujawahi kupima kama mama alielewa.